Jina la Tumboni

Alhamisi ile jioni, Clémentine alifikisha kwanza gauni la mteja karibu na bandari, ndipo akaelekea na Huguette nyumbani kwa Papa Édouard, kando ya reli. Ilikuwa Alhamisi yao ya saba kwenye kundi lake. Tangu ndoa yake ivunjike, Clémentine alijiona mgeni ndani ya mwili wake mwenyewe.

"Twende kwa wale wanaojitafuta," Huguette alikuwa amemwambia. "Utajijua."

Hakumtilia shaka. Walikuwa marafiki tangu shuleni, na miezi minane sasa Huguette alilala kwenye mkeka kando ya cherehani ya Clémentine. Alisema mume wake amemfukuza.

Na kweli kundi lile lilimfaa. Walikaa chini, kimya, macho wamefumba, mpaka hasira zikatulia. Alianza kupata usingizi. Alianza hata kucheka.

Jioni hiyo Papa Édouard aliwaketisha wawili wawili.

"Leo kila mutu ampe mwenzake jina la tumboni," alisema polepole. "Lile bibi yako alikuita kabla hujazaliwa. Ile njo wewe wa kweli."

Jina hilo Clémentine hakuwahi kumpa hata mume wake. Akasita. Huguette akamshika mikono.

"Ni mimi," alinong'ona. "Uniambie."

Akamwambia.

Harufu ya tope la ziwa, tope la chini kabisa, ikajaa chumbani. Na kutoka kwenye pembe isiyo na mtu, sauti ikalirudia jina lile. Taratibu. Kama mtu anayejaribu kiatu.

Ilikuwa sauti ya Clémentine.

Alipofumbua macho, Huguette alikuwa mlangoni, analia. Hakugeuka nyuma.

Clémentine alikimbia mpaka nyumbani. Mama yake, Mama Philomène, alikuwa uani akipepea makaa kwenye mbabula. Ndani, cherehani ilikuwa ikienda... tak, tak, tak...

"Mama, nani anashona?"

Mama Philomène akamtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mpita njia.

"Ni binti yangu. Unataka gauni, mama?"

"Mama. Ni mimi."

Mama yake akarudi nyuma hatua moja. "Clémentine," akaita kuelekea ndani, "kuna mutu hapa."

Cherehani ikasimama.

"Nakuja, Mama," ikajibu sauti yake.

Hakungoja pazia la mlango lisogee.

Asubuhi alimkuta Huguette amerudi kwa mumewe, amekaa barazani, mume anammiminia chai. Huguette akamfuata mpaka kwenye uzio.

"Hakunifukuza," alisema chini chini. "Hakunijua. Kulikuwa na mwingine ndani, anapika kwa mikono yangu. Jana jioni, uliponipa jina, ametoka."

"Nilikufungulia mlango, Huguette."

"Wewe peke yako. Hata sijui kwa nini ulinijua." Akapangusa macho. "Njo maana ilibidi uwe wewe. Mutu hampi jina lake asiyemwamini."

Mume akauliza kutoka barazani anaongea na nani.

"Mupita njia tu," Huguette akajibu. "Anauliza barabara."

Siku ya tatu, Clémentine alishuka kwenye lori huko Nyunzu, akabisha hodi kwa mdogo wake, Glodie. Njia nzima alikuwa akiomba jambo moja tu, ajulikane.

Mlango ukafunguka.

"Dada. Umekonda hivi? Ingia."

Clémentine akalia kwa furaha. Halafu wazo likamjia, dogo, la baridi: Glodie naye ana jina la tumboni. Na akatambua kwamba lilikuwa lake mwenyewe, si la mtu mwingine.

Hakuingia. Wala hakuondoka.