Dunja Ajaribu Kutoka Jikoni

Kila asubuhi ya Julai, Dunja alimsaidia shangazi yake Stamena kupokea kreti za rasiberi, matunda madogo mekundu ya kugandishwa, kwenye ghala la baridi la ushirika wa kijiji. Wakulima walifika na matrekta, wakalalamikia jua, wakalalamikia bei, kisha wakanywa kahawa ili wapate nguvu ya kulalamika upya.

Baba yake Dunja, Radenko, fundi wa ghala, hakuwapo. Alikuwa hospitalini mjini kwa upasuaji wa goti. Watu wengine huenda hospitali na ndala. Yeye alikwenda na kompyuta. Kabla ya kuondoka alikuwa amefunga kisanduku kipya cha kulinda mtandao wa ghala, kile mafundi wanachokiita ukuta wa moto. Ndani yake alifungua VPN, yaani njia ya faragha ya kuingia katika mtandao huo kutoka mbali. Alimwachia Dunja kazi moja tu: apande kilima hadi kwa bibi yake, nje ya mtandao wa ghala, apite njia ile kwa simu, aone kama mtambo wa baridi unajibu.

Jua lilikuwa kali na kilima hakikuwa na huruma. Dunja aliketi jikoni mwa ofisi ya ghala, akajaribu humo humo, mtambo ukajibu. Akampigia baba yake.

“Nimejaribu. Inafanya kazi.”

Siku mbili baadaye umeme ulikatika. Uliporudi, mtambo wa baridi ulibaki kimya. Kuuwasha upya kulihitaji programu iliyokuwa kwenye kompyuta ya Radenko peke yake. Kwa simu alieleza kwamba anaufikia ukuta wa moto vizuri, ila mtambo ulio nyuma yake haumjibu. Ghalani joto lilikuwa linapanda. Rasiberi zikiyeyuka hugandamana kuwa bonge moja, na bonge halina mnunuzi.

Mzee Vitomir, ambaye mavuno yake yote ya mwaka yalikuwa mle ndani, alisimama mlangoni akivua kofia na kuivaa tena.

“Stamena, tutaishia kupika pombe ya rakija,” alisema. “Na mimi daktari amenikataza.”

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Radenko alibadilisha sheria moja ya ukuta, kisha nyingine. Bure. Mwishowe sauti yake ilisikika kwenye simu iliyowekwa mezani: kwa Dunja ilikubali, kwa hiyo mtambo hauna kosa, kosa ni la VPN yenyewe. Angeifuta yote aijenge upya, na kazi hiyo ingemaliza mchana mzima.

Dunja alitazama kipimajoto.

“Baba, usifute. Sikwenda kwa bibi. Nilijaribu hapa jikoni.”

Shangazi Stamena alimtazama kwa namna ambayo Dunja angeona heri afungiwe pamoja na rasiberi.

“Jikoni ulikuwa ndani ya mtandao,” baba yake alisema polepole. “Mtambo ulikujibu ana kwa ana. Mimi niko nje, jibu langu lazima lipitie mlango wa kutokea, yaani ule ukuta wa moto. Kimbia kwenye mtambo, unisomee anwani ya mlango huo iliyoandikwa humo.”

Dunja alikimbia, akabonyeza vitufe, akasoma namba kwa sauti. Ilikuwa anwani ya kisanduku cha zamani, kilichokwisha kung’olewa na kutupwa kabatini. Kila swali la Radenko lilifika salama. Kila jibu lilitumwa kwa marehemu. Dunja aliandika anwani ya ukuta mpya.

Radenko alituma amri ya kuuwasha mtambo, wakangoja. Kisha mashine ilikohoa, ikanguruma. Kipimajoto kilipanda kidogo zaidi, kikasita, kikaanza kushuka. Mzee Vitomir aliketi juu ya kreti tupu, akafuta uso kwa kofia.

“Kusahau kubadilisha anwani ni kosa langu,” Radenko alisema. “Lakini neno lako, mwanangu, lilinipeleka kutafuta mahali pasipo na kosa. Siku nyingine ukiniambia umejaribu, niambie na mahali ulipojaribia. Kazi ya nusu haidhuru ikijulikana kuwa ni nusu.”

“Nimesikia, baba. Nisamehe.”

Shangazi alikusanya vikombe vya kahawa, akamuuliza kama mlango wa ghala umefungwa. Dunja alifungua mdomo kujibu, akaufunga, akaenda kuutazama.