Vidole vya Mvua

Haya yalimpata rafiki yangu mvuvi, na si mtu wa mzaha. Mkewe alijifungua, maziwa yakagoma kutoka. Mama mkwe akasema dawa ni supu ya kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka anayelala ndani ya tope kiangazi kizima.

Rafiki yangu akaenda kwenye bwawa lililokauka, akagongagonga ardhi kwa vidole, kama matone ya mvua. Kamongo akidanganyika hukoroma, nawe unachimba hapo hapo. Mkoromo ukaitika. Alichimba mpaka kucha zikamtoka. Shimo lilikuwa tupu.

Nyumbani, chumba kilikuwa giza. “Mwanao kanyamaza tangu asubuhi,” mkewe alisema.

Ndipo chini ya sakafu ya udongo vidole vikaanza kugongagonga, taratibu, kama mvua. Mtoto, macho kayafumba, akakoroma.