Moto wa Akina Tansey

Majella alimimina chai ikitoa mvuke, akageuka kuchukua maziwa, na alipoitia mdomoni ilikuwa baridi. Akaimwaga, akachemsha birika upya. Kikombe cha pili nacho kikapoa vilevile, mkononi mwake, kabla hajafika mezani.

"Fergal, hebu njoo uonje hii."

"Nimeonja chai yako miaka ishirini na tisa, mke wangu, na bado niko hai," mumewe alimjibu kutoka juu ya ngazi, alikokuwa akikwangua plasta iliyobabuka. "Usinijaribie bahati asubuhi asubuhi."

Alishuka, akaonja, akakunja uso. Akasema labda ni upepo unaoteremka kwenye dohani, maana tangu jana meko yalikuwa wazi.

Jana ndipo walipouzima moto. Lilikuwa wazo la dalali wao, Enda Quigley, kijana wa viatu vyenye ncha, ambaye kwenye tangazo alikuwa ameandika: nyumba ya shamba ya enzi za kale, vyumba kumi na moja, ina haiba yake, inahitaji ukarabati. Haiba ni popo waliokuwa darini. Ukarabati ni vyote vilivyobaki. Enda alisema mpiga picha angekuja Ijumaa, na yale meko makubwa ya jikoni, na masizi yake na rundo lake la jivu, yangewakimbiza wanunuzi.

"Huo moto haujawahi kuzimwa," Majella alimwambia. "Tangu enzi za babu wa babu yangu. Mama alikuwa akiringa nao kuliko alivyoringa na sisi wanawe."

"Basi umetumikia vya kutosha," Enda akasema. "Upeni pensheni."

Walicheka wote watatu. Majella angeweza kukataa, lakini moto ule alikuwa na kisa nao. Aliyekuwa akiulinda ni kaka yake Malachy Tansey, kapera wa miaka sitini na minane, aliyekaa peke yake katika vyumba viwili vya nyumba hiyo, na kila jioni akiyafukia makaa kwa jivu ili yalale, na kila asubuhi akiyafukua na kuyawekea vipande vya mboji iliyokaushwa, udongo wa kinamasi unaowaka kama kuni. Majella alipoolewa Dublin, Malachy hakwenda. Alituma kadi yenye mstari mmoja, bila hata hongera: Nani atautazama moto? Miaka ishirini na tisa kadi hiyo ilikuwa imemkaa Majella rohoni kama mwiba wa samaki. Wiki tatu zilizopita Malachy alipigwa na kiharusi. Sasa alikuwa amelala kwenye nyumba ya kulelea wazee mjini, hasemi neno, mkono wake mmoja tu ukienda mbele na nyuma juu ya blanketi, na wauguzi walidhani anapangusa makombo ya mkate. Majella na Fergal walikuja Roscommon, kwao Majella, kuuza nyumba kabla ya Septemba, maana Septemba binti yao Ríona alikuwa anaolewa, Ureno. Wiki tatu zote Majella alikuwa akiulisha moto na kuufukia kwa mazoea ya utotoni, bila kufikiri. Lakini Enda aliposema ule utani wake, hasira ya zamani ikapanda.

"Zima," alimwambia mumewe.

Fergal akamwaga ndoo mbili. Moto ukalia, ukafuka, ukafa. Lile jiwe pana lililokuwa chini yake likatoa mlio mmoja mfupi, na Fergal akasema ni joto linatoka.

Ndiyo asubuhi hii sasa, chai inapoa. Kabla ya saa sita mchana paka wa Malachy alitoka mlangoni na hakurudi. Alasiri ikaja harufu, harufu ya manyoya ya kondoo yaliyoloa yakawekwa pasipo na hewa, na Majella alipopiga magoti akasogeza pua kwenye lile jiwe akajua ndipo inapotokea. Akiwa bado kapiga magoti hivyo, akasikia kitu chini yake kinajigeuza, polepole, kama mtu aliye kitandani anayepapasa blanketi aliloporwa.

Aliinuka hana rangi usoni. Fergal akaja na kiberiti na magazeti, akawasha. Miali ilipanda kidogo, kisha ikainama. Badala ya kwenda juu kwenye dohani, ikalala chini juu ya jiwe, ikavutwa kwenye ufa, ikaisha. Akawasha tena kwa kuni kavu, tena kwa petroli ya mashine ya kukatia nyasi, na kila mara moto uliinama na kunyonywa.

"Kuna mtu anaunywa," Fergal alisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza tangu amjue, Majella hakusikia utani ndani yake.

Kesho yake, siku ya kwanza ya Mei, Fergal aliamka akasema, "Majella, hebu nishike huu mkono." Ulikuwa wa kulia, ule ulioinua ndoo. Ulikuwa baridi kama nyama ya bucha. Saa nne baridi ilikuwa imefika kiwikoni, saa tano begani, na Majella akamfunga mablanketi matatu, akamwingiza kwenye gari, akafungulia joto lote la gari na kushika njia ya hospitali, lakini kila walivyokwenda ndivyo Fergal alivyozidi kupoa, midomo ikawa ya kijivu, naye aliyekuwa hanyamazi hata kanisani akawa hasemi, na kufika njia panda Majella alitupa jicho kwenye kioo cha upande wa mumewe akaona jambo lililomfanya akanyage breki kwa miguu yote miwili: Fergal alikuwa akipumua karibu na kioo kabisa, na kioo hakikupata hata ukungu.

Hapo njia panda palikuwa na nyumba moja, na dohani yake ilitoa moshi. Ilikuwa ya Attracta Beirne, mjane wa miaka themanini na sita, ambaye watu wa pale walimpelekea watoto wenye vidonda vya moto na ng'ombe wasiotoa maziwa. Alitoka na aproni yake, akaingiza mkono dirishani, akamgusa Fergal shavuni. Akanusa.

"Mmezima moto," alisema. Hakuwa anauliza.

"Mama Beirne, ni dalali alisema..."

"Dalali! Dalali ndiye mwenye lile jiwe?" Akashusha sauti, akatazama barabara huku na huku. "Sikiliza, na usinilazimishe kumtaja. Nyumba yenu ilijengwa juu ya mlango wa mtu. Aliyeijenga alikuja kujua akiwa ameshaezeka. Wakapatana. Yeye apate joto, ninyi mpate nyumba. Sasa mmemvua blanketi, naye anachukua joto popote anapolikuta."

Watu wa kule hawalitaji jini kwa jina lolote. Husema mtu, au mwenyewe. Mimi ninayesimulia, niliyekulia kule, naweza kusema jini, kwa kuwa sasa naishi mbali nalo.

"Malachy alijua?"

"Unadhani alibaki kapera kwa kupenda?" Attracta aliutoa mkono wake ukapita hewani mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayekokota jivu juu ya makaa, na Majella akaukumbuka mkono wa kaka yake juu ya blanketi. Hakuwa akipangusa makombo. Alikuwa akiwaambia, wiki tatu nzima. "Siku ya harusi yako alikaa jikoni kwangu robo saa, kavaa suti mpya, analia. Kisha akarudi kwenye moto wake."

 Majella alimwonea huruma kaka yake, akajichukia, vyote kwa pamoja.

"Nifanye nini, Mama?"

"Kiberiti hakifai. Unatakiwa moto uleule."

"Uleule umekufa!"

Mzee akageuka kutazama jiko lake kupitia mlango uliokuwa wazi. "Mama mkwe wangu alikuwa Tansey. Alikuja hapa bibi harusi, na kaa la moto kutoka kwenu ndani ya chungu. Halijazimika tangu siku hiyo." Akainua macho kulitazama jua. "Lakini leo ni Mei mosi, binti. Leo moto hautoki nyumbani kwa mtu. Ukitoka, umetoka na bahati ya mwaka mzima. Jua likizama, njoo nitakupa."

Wote wawili wakamtazama Fergal. Jua lilikuwa utosini.

"Haya," Attracta akasema, akijifuta macho kwa aproni. "Nina kuku wanne na magoti mabovu. Bahati gani nadai mimi? Lete ndoo. Ila nisikie. Mkono wa kuufukia kila jioni uwe wa damu ya Tansey. Mumeo hawezi, hata akitaka. Na binti yako usimwambie. Anayemjua mwenyewe, mwenyewe naye humjua."

Majella aliendesha na ndoo ya makaa miguuni, moshi umejaa gari. Alimburuta Fergal hadi jikoni, akayamwaga makaa juu ya jiwe, akaweka mboji. Miali ikatoka. Ikainama kuelekea kwenye ufa, ikakaa hivyo muda mrefu kana kwamba inanuswa, na Majella akajisikia anasema, kwa sauti ya mama yake, "Lala, lala, ni sisi." Kisha moto ukajiinua, ukashika njia ya dohani. Chini ya jiwe kitu kikashusha pumzi na kutulia.

Baada ya saa moja Fergal alifumbua macho. "Nani kafa, mbona unalia? Chai iko wapi?" Akapewa. Ikamuunguza ulimi, akatukana, na Majella akacheka huku analia.

Kibao cha INAUZWA Majella aliking'oa kwa mikono yake. Enda alipiga simu mara sita. Nyumba ya wazee ilipiga mara moja: tangu juzi mchana mkono wa Malachy umetulia, na analala vizuri. Kufika Juni, kuku wa Attracta Beirne walikuwa wamekufa wote wanne.

Agosti, saa moja jioni, Ríona alipiga. Fergal alikuwa ghorofani akijaribu suti yake mpya. Majella alikuwa amepiga magoti mekoni, koleo mkononi, simu sikioni.

"Mama, Baba ananiambia umekata tiketi moja tu. Ni siku nne, Mama. Nne! Unashindwa nini?"

Maneno yote yalimjia kooni. Chini ya jiwe kitu kikajigeuza kidogo na kukaa kimya, kama anayesikiliza jina litakalotajwa. Majella akayameza.

"Hongera, mwanangu," alisema, maana hilo angalau hakutaka kulisahau. "Hongera sana. Lakini nani atautazama moto?"

Ríona akakata simu. Majella akaiweka chini, akaanza kuyafukia makaa.