Taa Nyeusi za Kinyozi

Si vyote ving'aavyo ni dhahabu, walisema wahenga. Hewala. Lakini viko vitu ambavyo visipong'aa, mtu huvunjika mkono.

Kinyozi alikuwa mtu wa unadhifu. Kibanda chake kilifagiliwa mara mbili kwa siku, na gari lake dogo lilioshwa kila asubuhi kabla ya chai. Siku moja aliona gari la tajiri lenye taa nyeusi nyuma, akalitamani. Akanunua kopo la rangi nyeusi ya kupuliza, akazipuliza taa zake za nyuma mara tatu, taratibu, kama anayemtengeneza bwana harusi. Wateja walimsifu. Mke wake alisema tu kwamba gari sasa limevaa miwani makalioni.

Wiki ya pili, adhuhuri ya jua kali, Kinyozi alikuwa njiani kwenda kununua nyembe. Mbuzi akakatiza barabara, naye akafunga breki. Nyuma yake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mke wake, muuza mayai, juu ya baiskeli yenye trei nne. Hakuona taa yoyote ikiwaka. Alijigonga kwenye bampa, akaanguka, mkono ukavunjika. Bampa ilibonyea, na gari likaoga mayai.

"Shemeji, ulikuwa unaangalia wapi?" Kinyozi alifoka mbele za watu.

Tangu siku hiyo shemeji alikuja mara tatu, mkono ukiwa kwenye plasta, kuomba radhi kwa ajili ya bampa. Kila mara alisema hajui macho yake yalikuwa wapi. Kila mara Kinyozi alimjibu kwamba yamekwisha, naye akajiona mkarimu.

Jirani yao, Mama Rangi, alikuwa mpiga rangi wa magari. Jumapili moja alizitazama zile taa kwa muda, akaguna. Akamwomba mke wa Kinyozi akae kwenye usukani, na Kinyozi asimame hatua ishirini nyuma ya gari. Jua lilikuwa utosini.

"Haya, mwambie akanyage breki," alisema Mama Rangi.

"Kanyaga," Kinyozi akaita.

"Nimekanyaga."

"Kanyaga basi, mama watoto."

"Mume wangu, nimekanyaga tangu zamani. Mpaka mguu unaniuma."

Kinyozi hakuona kitu. Masikio yakamwaka moto. Sasa watu watatu walijua, ila aliyevunjika mkono hakujua. Akawasihi wanawake wale wasimwambie. Mke wake akashuka garini, akaingia ndani.

Kesho yake Kinyozi alijificha nyuma ya nyumba na chupa ya thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Alitaka rangi itoke kabla shemeji hajaja tena, ili ushahidi ufe. Akaanza kusugua taa ya kushoto, aliyokuwa ameifungua kwenye gari. Rangi nyeusi ilitoka, lakini plastiki nayo ikalegea, ikanata vidoleni, ikawa na ukungu mweupe kama jicho la mzee. Nyufa nyembamba zikatambaa juu yake.

Mama Rangi aliisikia harufu ya thina kutoka ng'ambo ya ukuta, akaja.

"Hiyo ni plastiki, jirani, si bati," alisema. "Thina, petroli, dawa ya kutolea rangi ya kucha, vyote vinaila. Hii umeshaiua. Tafuta nyingine. Lete ile ya kulia, na ndoo ya maji."

Akamwonyesha. Kwanza taa huoshwa kwa maji na sabuni. Kama haijafunguliwa kwenye gari, huzungushiwa utepe wa karatasi ili rangi ya gari isikwaruzwe. Kisha huchukuliwa msasa wa maji, namba mia nane, halafu elfu moja, halafu elfu moja na mia tano, na mwisho elfu mbili. Kinyozi akauliza kwa nini namba zinapanda.

"Mashine yako ya kunyolea, ukiweka namba ndogo, inakula nywele nyingi au kidogo?"

"Nyingi."

"Basi msasa nao ni hivyo hivyo. Namba ndogo inakula, namba kubwa inalainisha."

Alimwagiza ajaribu kwanza pembeni, sehemu ndogo kama ukucha. Msasa usikauke hata mara moja, na mkono usikandamize. Maji yatatoka meusi. Yakianza kuwa mekundu, aache namba ile inayokula, ahamie zile za kulainisha, maana wekundu haukupakwa. Huo ndio plastiki yenyewe. Mwishoni taa hupakwa polishi na kusuguliwa kwa kitambaa laini mpaka ing'ae.

Kinyozi alisugua asubuhi nzima, kichwa chini. Ndoo ilijaa maji meusi.

"Taa unaisafisha vizuri," alisema Mama Rangi. "Yule je?"

"Nitaanzaje?"

"Kwa mdomo."

Taa ya kushoto alinunua iliyotumika lakini nzima, akazifunga zote mbili. Siku ya tatu shemeji akaja tena. Kabla hajafungua kinywa, Kinyozi alimzuia.

"Shemeji, macho yako hayana kosa. Nilizifunika taa kwa rangi ili nisifiwe. Nimejua tangu Jumapili, nikanyamaza. Nisamehe."

Shemeji aliitazama plasta yake. Kisha akatembea hadi mwisho wa mtaa, akageuka, akaashiria breki ikanyagwe. Jua lilikuwa kali kama la siku ile. Kutoka kule mbali aliinua mkono mzima: ameziona zote mbili.

Aliporudi, dada yake alitaka mambo yapoe. "Basi, yaishe," alisema. "Na wewe mwombe radhi ya ile bampa, muwe sawa."

Shemeji akatikisa kichwa.

"Dada, nimeomba mara tatu kwa kosa lisilo langu. Yeye nimemsamehe. Lakini radhi? Siombi."