Doria ya Sauti Tupu

"Mnandi, unanipata? Samaki wasiingie majini. Narudia, wasiingie majini."

"Nimekupata, Ngome."

Bonifasia Ndunguru, ambaye kwenye simu ya sikioni alipewa jina la siri Mnandi, ndege wa majini, alisonya. Amri hiyo ilikuwa rahisi kuitoa, maana Ngome, yaani Afande Makame, alikuwa ameketi ndani ya gari lenye kiyoyozi. Yeye na askari wake walikuwa wamefunga barabara ya Lituhi, huku na huku, na risasi walikuwa nazo za kutosha. Ziwani je? Hawakuwa na hata mtumbwi. Boti ya doria ilikuwa mbali kusini, na wezi walikuwa tayari ufukoni wakipakia.

Kazi kwako, Bonifasia!

Alikuwa ameuaga msafara kwa kisingizio cha kurekodi ndege, na sasa amelala kifudifudi juu ya kilima cha mawe, darubini ya Swarovski machoni, na ile kubwa ya miguu mitatu ya chuma kando yake. Chini yake kulikuwa na ghuba ndogo, boti yenye injini ya Yamaha, na Land Cruiser nyeupe iliyoandikwa ubavuni: UTAFITI WA NDEGE NA MAZINGIRA.

Ptu! Utafiti gani!

Alikuwa amekula sahani moja na watu wale msimu mzima. Bonifasia alikuwa mtafiti wa ndege kabla idara ya upelelezi haijamchukua, na idara ilimchukua kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye msafara ule watafiti wa kweli walikuwa wawili tu chini ya mkuu wao, yeye na Ignatio Kapinga. Waliobaki walikuwa wababe waliovalishwa fulana za utafiti.

Mkuu mwenyewe, Dokta Varga, Mzungu mwembamba mwenye Kiswahili safi, aliwajua ndege kuliko wengi wanaowaandikia vitabu. Hilo ndilo lililomchefua Bonifasia. Mtu na elimu yake yote! Kule pori la Liparamba alifunga vinasa sauti mitini, lakini si palipo na ndege. Alivifunga kwenye njia za askari wa wanyamapori. Pikipiki ya doria ikipita, Varga anaisikia papo hapo kwenye tableti yake, na majangili wake wanamwangusha tembo upande wa pili.

Ignatio ndiye aliyehoji.

"Dokta, hapa barabarani tunatafuta ndege gani? Kuku?"

Aliuliza mbele ya watu wote. Kesho yake hakuonekana. Varga alisema amepelekwa hospitali Litembo, malaria imempanda kichwani.

Mwongo mkubwa!

Ignatio alikuwa ndani ya boti ile pale chini, katikati ya magunia ya pembe za ndovu. Mikono imefungwa nyuma. Miguuni amefungiwa jiwe.

Redio ya msafara, Motorola, ilikoroma kiunoni kwa Bonifasia.

"Masoudi, mkifika kilindini, mtupeni." Sauti ya Varga ilikuwa ya upole kabisa.

"Sawa, Dokta," alijibu kiongozi wa wale wababe.

Bonifasia aliuma meno mpaka taya zikamuuma. Miaka kumi alikuwa amezunguka maporini na Ignatio, wakanyeshewa pamoja, wakala ugali mkavu pamoja. Bastola yake isingefika ufukoni kutoka pale. Akishuka, wangemwona akiwa nusu njia na kumtosa Ignatio hapo hapo.

Basi hawatashuka ziwani, alijiapiza. Haki ya Mungu hawatashuka!

Alitambaa, akiburuta vyuma vyake, hadi kwenye mti wa upande wa pili wa kilima kile, kilichochomoza ziwani kama rasi. Varga alikuwa amefunga kinasa sauti hapo pia, kimsikilizie ziwani, kwa kuwa mawe ya rasi yaliwazuia walio ghubani kuona upande ule. Bonifasia alichomoa spika yake ndogo ya JBL, akaiweka chini ya kinasa. Watafiti huitumia kumwita ndege: unapiga sauti ya mwenzake, naye anatoka kichakani kifua mbele, akidhani amevamiwa.

Leo angeita watu.

Mwezi uliopita, alipokuwa akirekodi ndege ufuko huu huu, boti ya doria ilipita na kumharibia kazi. Mtafiti yeyote angelaani na kuifuta rekodi ile. Bonifasia alilaani, akasahau kuifuta. Ashukuriwe Mungu!

Aliigusa simu. Mngurumo ukaanza kwa mbali, chini chini. Akaupandisha taratibu.

Motorola ililipuka.

"Kimya! Zimeni hiyo mashine!"

"Dokta, hiyo ni boti ya injini mbili."

"Doria! Ipo nyuma ya rasi!"

"Shusheni! Kila kitu garini!"

"Na huyu?"

"Mkimtosa hapa watamkuta. Mpakieni!"

Bonifasia alichungulia juu ya mawe. Magunia yalikuwa yanaruka kutoka botini. Ignatio alikatwa kamba ya jiwe, akaburutwa mchangani na kusukumwa ndani ya gari. Alikuwa hai.

Ndipo spika, nyuma ya mngurumo wa injini, ikatoa sauti nyingine.

Huu. Hu-huu.

Bundi.

Lo! Ile rekodi ilikuwa ya alfajiri, kabla hakujapambazuka. Na hivi sasa jua la mchana lilikuwa linamchoma mgongo.

Alizima. Alikuwa amechelewa. Kule chini Varga alisimama ameinamisha kichwa upande juu ya tableti yake, kama alivyosimama kila siku alipomtambua ndege kwa sauti tu. Kisha akageuka, akatazama kilimani. Akachomoa bastola yake ya Glock.

"Masoudi, rudisha mzigo botini. Hakuna doria. Ni rekodi."

"Rekodi gani, Dokta? Injini nimeisikia kwa masikio yangu!"

"Kuna bundi ndani! Bundi, mpumbavu wewe, mchana kweupe!"

"Bundi?" Masoudi alifoka. "Yaani mimi niende jela kwa ajili ya bundi? Baki naye!"

Land Cruiser iliondoka kwa fujo, ikikata mchanga kuelekea barabarani.

Varga alipanda kilima peke yake, uso umemwiva kwa hasira. Risasi ya kwanza ilipasua spika. Ya pili ilibandua gome la mti aliojificha nyuma yake Bonifasia.

"Toka, Bonifasia! Mtafiti mzuri husikiliza rekodi yake mpaka mwisho!"

Hatua zake zilikaribia. Bonifasia aliiacha bastola kiunoni, maana alimtaka akiwa hai; alishika miguu mitatu ya chuma ya darubini kubwa, akaikunja, akasubiri.

Mara bunduki zikalia kule barabarani. Varga aligeuza kichwa.

Chuma kilimpata kifundo cha mkono. Glock ikadondokea katikati ya mawe. Pigo la pili lilimpata gotini, akaenda chini akipiga yowe. Alipofumbua macho, alikuwa amekumbatia mti wake mwenyewe wa kinasa sauti, pingu mikononi.

Simu ya sikioni ilikwaruza.

"Mnandi, Ngome hapa. Samaki wote kikaangoni. Mwenzako mzima, ila anatutukana sote."

"Kwa lugha gani, Afande?"

"Kimatengo, nadhani."

"Basi ni mzima kweli."

Alicheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja kabla Varga hajayaona.

"Lile lilikuwa kosa la kitoto," Varga alisema akihema.

"Ndiyo. Nimekosea." Bonifasia alifuta vumbi kwenye darubini yake. "Angekuwepo mtu mmoja tu kati ya wababe wako anayejua ndege, angekuelewa, Ignatio angekuwa kilindini sasa hivi, na mimi maiti. Ulikuwa na watafiti wawili, Dokta. Mmoja alikuwa mimi. Mwingine ulimfunga jiwe."



Bonifasia aliweka vyuma vyake begani, akaanza kuteremka kuelekea barabarani, bila haraka.