Chatu wa Chuma Mwaloni

Kila asubuhi mitumbwi ya dagaa ikirudi, kitu cha kwanza wavuvi wanachokiona ufukweni ni chatu wa Ndaki. Wanaelekeza mtumbwi kwake, wanafika mwaloni, pale wanaposhushia dagaa, bila kupotea.

Ni sanamu ya mcheza ngoma, ndefu kama watu wawili. Chatu amemzunguka shingoni, mkia umeshuka mpaka mchangani. Watoto wanautelezea mchana kutwa.

Ndaki alichimba dhahabu huko Geita miaka tisa. Alipochoka na mashimo akarudi nyumbani ziwani, akawa anachomelea mageti. Chatu huyu hakuagizwa na mtu. Alimtengeneza kwa mapipa na vyuma chakavu vya karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Baba yake alikuwa anacheza ngoma na nyoka, akafa bila kuacha hata picha moja. Basi picha ikawa hiyo.

Jumanne moja Limi, binti wa miaka saba, alipanda mkiani. Gamba la bati likamchana paja. Sanamu nzima ikayumba juu yake.

Mama yake, Vumilia, alimfunga paja kwa kanga, wakapanda bodaboda mpaka zahanati. Nesi akasafisha kidonda, akashona nyuzi nne, akamdunga sindano ya pepopunda. Akamwambia Vumilia amefanya vizuri kuwahi, maana wengi wanapaka majivu na kukaa nyumbani.

Jioni Vumilia alimfuata Ndaki kibandani.

"Fundi, mimi na wewe hatuna ugomvi. Nina ugomvi na joka lako. Likatwe."

"Mfunze mwanao asipande vitu vya watu," Ndaki akajibu. "Angekula fimbo mbili asingepanda."

Jibu hilo lilizunguka mwalo mzima kabla dagaa hawajakauka. Mwenyekiti wa kijiji, Bartholomeo, akatoa wiki tatu. Sanamu ikionekana bado ni hatari, inakatwa na kuuzwa vyuma chakavu.

Kesho yake alikuja Mariana. Huyu anafanya kazi ya kukagua usalama wa mashimo mgodini, alikuwa likizo kwa mama yake. Ndaki akamsalimu, akamuuliza kama na yeye kaja kumsema.

"Nimekuja kumsukuma," Mariana akasema. Akamsukuma mcheza ngoma kwa mkono mmoja. Akayumba. "Ulimsimamishaje?"

Ndaki akaeleza, tena kwa kujidai. Alichimba kama anachimba duara, shimo la dhahabu. Akapanga matimba pande zote, magogo yale yale yanayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Miaka tisa matimba yalimlinda. Yangeshindwaje na sanamu?

"Kule yanazuia mwamba, na mwamba umetulia," Mariana akasema. "Huu mchanga unatembea. Ziwa likipanda, magogo yanaoza. Umemchimbia duara, kaka, na hapa hakuna dhahabu."

Ndaki akachukua jembe. Ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Wakafanya kazi. Walizungushia nyavu kuukuu ili watoto wasisogee. Wakisaidiwa na vijana wa mwaloni, wakamhamishia juu, penye udongo mgumu, mbali na maji. Wakachimba shimo la kina cha kufika kifuani, wakaunga miguu yake na nondo, wakamwaga zege. Mariana akakataza asiguswe wiki nzima, zege likomae. Baadaye Ndaki akapiga grenda kila gamba kuondoa makali, akaziba matundu yanayoweza kunasa kichwa au mkono wa mtoto, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Chini ya mkia wakaondoa mawe, wakajaza mchanga laini.

"Sasa akaguliwe kila mwezi," Mariana akasema. "Na asikague aliyemtengeneza. Mkaguzi apitishe kanga juu ya chatu. Ikinasa, na ngozi itachanika."

Ndaki akawaza nani. Akajua, akaenda kwa Vumilia.

"Mama Limi, nilisema mtoto apigwe. Nilikosea, mimi ndiye niliyeacha bati kali. Njoo Jumapili umkague chatu kwa kanga yako, ikinasa bado ana makali."

Jumapili watu walijaa. Vumilia alikuja na kanga ile ile, doa la damu halijatoka. Akapanda kwenye ngazi, akaipitisha kichwani kwa chatu, akashuka nayo taratibu. Shingoni ikanasa.

Bartholomeo akamtazama Ndaki. Ndaki akatoa tupa mfukoni, akapanda, akasugua pale pale mpaka pakawa laini. Akashuka.

Vumilia akaanza upya, kichwani mpaka mkiani. Kanga ikapita. Kisha akaweka bega kwa mcheza ngoma akasukuma kwa nguvu zake zote. Hakutikisika.

"Libaki," akamwambia mwenyekiti. "Ila kila mwezi nitakuja."

Na anakuja, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mwaka umeisha, hakuna mtoto mwingine aliyeshonwa. Limi anatangulia mbio, ila hapandi mpaka mama amalize. Vumilia anapitisha kanga. Ndaki anasimama pembeni na tupa yake, akisubiri kuambiwa pa kusugua.