Mshale Ulioganda kwenye Arobaini

Haya yalimpata dada yangu mkubwa, nami nilikuwepo nikimshikia tochi. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, gereji yetu ya nyuma ya nyumba ikinuka petroli na sabuni kama siku zote.

Marehemu baba alifia ndani ya gari lililokuwa humo. Oili ilivuja njiani, taa nyekundu ya onyo haikuwaka, injini ikakwama darajani, lori likamgonga kwa nyuma. Tulimtambua kwa kovu lililokata kidole gumba chake katikati, ukumbusho wa feni ya injini.

Dada ni fundi magari. Alilitengeneza kwa miaka miwili. Baba mdogo alisema lina mkosi, na alikwisha kupatana na watu wa vyuma chakavu walichukue Jumamosi. Dada alimjibu kwamba Jumamosi watalikuta barabarani.

Taa ile hakuiamini tena, hivyo alinunua geji ya presha ya oili. Wengi huiita saa. Si saa, haionyeshi wakati. Alifungua swichi ya taa kwenye injini, akafunga kiungo cha njia tatu, akapitisha bomba jembamba la shaba hadi kwenye dashibodi, nyuma ya geji. Kila nati aliikaza kwa spana, akairudia. Tukawasha. Mshale ukapanda hadi ratili arobaini. Akazima, akautia ufunguo mfukoni.

Mshale haukushuka.

Nilisema labda umenasa. Dada akalichomoa bomba. Likadondosha tone moja. Geji sasa haikuunganishwa na kitu chochote.

Arobaini.

Ndipo baba mdogo akaingia kutukumbusha habari ya kesho. Aliegemeza mkono kwenye boneti. Mshale ukaanguka. Thelathini. Kumi. Sifuri. Akauondoa mkono. Arobaini.

Dada akamwomba auweke tena.

Sifuri.

"Funika hicho kidude," baba mdogo alinong'ona.

"Baba mdogo, nani alibadilisha oili kabla baba hajasafiri?" dada aliuliza.

Baba mdogo alisema, akiitazama sakafu, "Ile bolti ya chini, ya kumwagia oili, niliikaza kwa vidole. Nilikuwa nafuata spana. Nikaitwa mlangoni. Nikasahau."

Ndani ya gari, kiti cha dereva kililia, kama kinavyolia mtu mzito anapojiweka sawa. Hakukuwa na mtu.

Baba mdogo aliondoka bila kuaga. Mimi nilimnong'oneza dada tuwaachie watu wa vyuma chakavu, yaishe. Hata hakunitazama. Alifungua mlango.

"Sogea, baba," alisema. "Kazi yako ni kuangalia presha. Kuendesha ni kwangu."

Akasubiri kidogo, kama mtu anayepishwa. Kisha akaketi.

Jumamosi watu wa vyuma chakavu walipishana nalo njia panda. Dada aliwapigia honi.

Jioni nililifuta vumbi. Kwenye kioo cha geji palikuwa na alama ya kidole gumba, ya oili, imekatwa katikati na mstari mwembamba. Nilisugua kwa kitambaa. Nikasugua tena. Haikutoka, kwa kuwa ilikuwa upande wa ndani, na kioo kile hufungwa kiwandani.

Ipo hadi leo. Huwa imekauka. Kila dada anapomwaga oili na kuikaza bolti ya chini, huwa mbichi.